Khanga Mbele ya Mkasi

Katika chumba kimoja cha ghorofani, Mji Mkongwe wa Unguja, chumba chenye dirisha moja linalotazama uchochoro na meza moja ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu ili nguo isiteleze, nilimkuta binti mshoni amesimama mbele ya doti ya khanga aliyoitandaza, mkasi u mkononi mwake, naye hakati. Aliizunguka meza mara mbili. Akaukunja upande mmoja katikati, akaukunjua. Akalipima pindo kwa shibiri kabla ya kulipima kwa tepu. Kisha akauweka mkasi kando, akainama, akalisoma jina polepole, midomo ikichezacheza, kama asomaye barua ya jamaa aliye mbali. Ilipita nusu saa hivi kabla hajaishika chaki. Nami niliyekuwa nimepanda ngazi zile kwa nia ya kuandika juu ya wabunifu vijana wa mwambao wetu, ambao bila ya kiwanda wala tajiri nyuma yao hukata nguo zetu wakazigeuza magauni, makoti, mito ya makochi na mapazia, niliona kwamba habari niliyoitafuta imo ndani ya nusu saa ile ya kusita.

Sababu ya kusita kwake ni hii. Kitenge huuzwa kwa wari. Ua lake hujirudia toka mwanzo wa jora hata mwisho wake, na fundi akikata hapa au akikata pale, nguo haikupungukiwa na kitu. Khanga sivyo ilivyo. Khanga imekwisha kutimia kabla haijafika kwa mshoni: ina pindo pande zote nne mfano wa ukuta wa ua, ina mji katikati, na ndani ya mji, karibu na pindo la chini, ina jina, yaani yale maneno machache ambayo mnunuzi huyasoma kwanza, ndipo akaitazama rangi. Upande mmoja ni kiasi cha mita moja na nusu kwa urefu na mita moja na kidogo kwa upana, na pande mbili zilizoshikana ndizo doti. Hakuna ncha iliyo bure wala mahali pasipo maana. Na mwenye kuitia mkasi amevunja kitu kizima, naye hana udhuru mbele ya macho ya mama zetu ila awe amekiweka mahali pake kitu kizima kingine. Kipimo hicho ndicho ninachowapimia wabunifu wetu, na sijaona bado kingine kilicho cha haki zaidi.

Wako watu wazima, na baadhi yao ni rafiki zangu, wasemao kuwa khanga haikuumbwa ikatwe, ila ifungwe, itandwe, ibebewe mtoto na kumfunika maiti, na kwamba kuishona suruali ni kuivunjia heshima. Ninaijua huruma iliyo ndani ya maneno yao, lakini tarehe haiwaungi mkono. Jina la leso, ambalo watu wa Mombasa hawajaliacha, limetokana na Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Na katika karne ya 19 ni wanawake wa pwani hii waliokuwa wakinunua vitambaa hivyo vilivyochapwa vikiwa bado vimeshikana katika jora, wakavikata vitatu vitatu, wakashona safu mbili pamoja, wakapata nguo moja ya vitambaa sita ambayo hakuna mfanyabiashara aliyekuwa ameifikiri. Matajiri walipoona mtindo umeshika ndipo walipoagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa kwa kipimo kile. Khanga yenyewe, basi, ilizaliwa na mkasi na sindano, katika mikono ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa na mtu. Na hao, kwa insafu, ndio wabunifu wa kujitegemea wa kwanza tunaowajua katika nchi hizi.

Tena walikuwa na sababu nzito kuliko urembo. Katika zama zile nguo ilikuwa cheo kinachovaliwa: marekani, ile nguo isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Salem, Massachusetts, na kaniki iliyochovywa katika nili hata ikawa nyeusi, ndizo zilizokuwa libasi za watumwa na mafakiri. Utumwa ulipoondolewa kwa sheria Unguja katika mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wamevishwa kaniki waliiacha, wakanunua khanga kwa akiba waliyoipata kwa shida, kwa kuwa aliyejifunga nguo ya rangi na maua alikuwa akitangaza, bila ya kufungua kinywa, kwamba yeye ni mtu wa khiari yake. Biashara ikanawiri. Katika Mombasa, nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo maneno yake ya "Mali ya Abdulla" yangali yakisomeka katika leso hata leo, huhesabu mwanzo wake tangu mwaka 1887. Michoro na majina yalitungwa huku kwetu, uchapaji ukafanywa Ulaya, Bara Hindi na Japani. Na majina hayo yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu kabla ya kuhamia herufi za Kilatini. Baada ya uhuru tulichapa wenyewe, na kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kilivisha kizazi kizima. Ninakumbuka uzito wa khanga zile mabegani mwa mama zetu.

Ninayo sababu yangu mwenyewe ya kulichungua jambo hili. Mama yangu aliniachia doti moja ambayo jina lake ni "Wema hauozi". Miaka mingi iliyopita, kwa kutaka mke wangu avae ukumbusho huo katika arusi ya mwanetu, nilichukua upande mmoja nikaupeleka kwa fundi ambaye sitamtaja. Alikuwa mwepesi wa mkono na mashuhuri kwa suti. Aliukata kama akatavyo kitambaa chochote: pindo la chini likaishia kwapani, pindo la ubavu likatumika kuziba pengo la zipu, na jina likagawanyika katika mshono wa mgongoni, nusu likaingia ndani ya mkunjo na nusu likaenda kapuni, pakabaki "ema hau", herufi zisizokuwa neno katika lugha yoyote ya wanadamu. Mshono wenyewe ulikuwa umenyooka, wala sikuwa na la kumlaumu katika kazi ya cherehani. Hakuwa ameisoma nguo, basi. Mke wangu alilivaa gauni lile siku ile kwa ajili yangu, hakulivaa tena, na upande wa pili ukakaa sandukuni pamoja na udi na karafuu, nami sikuwa na moyo wa kumkabidhi mtu.

Tangu siku zile mambo yamekwenda mbele sana. Dar es Salaam, Mustafa Hassanali, aliyesomea udaktari kabla ya kujitoa katika kazi ya mavazi, alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, na jukwaa hilo likawapa wabunifu wa nchi zetu mahali pa kuonekana na kununuliwa bila ya kwenda ughaibuni kwanza. Unguja imemtoa Farouque Abdela, ambaye hakuchoka kuwaonyesha watu uzuri wa khanga na kikoi. London, Mtanzania Christine Mhando aliichukua khanga akaikatia magauni ya kisasa chini ya jina la Chichia. Na Nairobi, Ann McCreath alianzisha KikoRomeo mwaka 1996, akaipa kazi yake jina la kiungo cha shingoni, jina ambalo Mswahili akilisikia hutabasamu kwa kuwa ni lake. Hao wanajulikana. Lakini nyuma yao wako wengi wasiojulikana, katika vyumba vya Kariakoo, katika vichochoro vya Mchangani, nyuma ya maduka ya Biashara Street ya Mombasa, wenye cherehani moja au mbili na rafu ya nguo, na ni kwa hao ninapenda kukaa.

Turudi kwenye meza ile, kwa sababu ustadi wa kazi hii hauonekani ila kwa karibu. Khanga mpya haikatwi kama ilivyotoka dukani. Huja imekazwa kwa kanji hata ikawa ngumu kama karatasi, na kanji huficha mambo mawili, wembamba wa uzi na tabia ya nguo kurudi ikifuliwa, hata gauni lililomkaa mtu vyema siku ya Idi likambana baada ya wiki mbili. Binti yule huiloweka kila doti usiku kucha katika maji ya chumvi, akaifua, akaianika kivulini, akaipiga pasi ingali na unyevu, ndipo akaipima. Na zile ambazo bado zinachuja rangi katika maji ya pili huzitenga ziwe bitana za mifuko, wala hazimfikii mteja kama vazi. Kisha hutafuta uzi ulionyooka. Mtambo wa kuchapa haukuilaza chapa sawasawa na mfumo wa nguo kila mara, na pindo lililokwenda mshazari kwa upana wa kidole, ambalo juu ya meza halionekani, huonekana dhahiri shahiri likizungushwa chini ya sketi.

Baada ya hayo ndipo hesabu inapoanza, na hesabu yake ni ya kupendeza. Doti moja ina mapindo manne marefu na manne mafupi. Mawili marefu yakiunganishwa huzunguka upindo wa gauni lote kwa kiasi cha mita tatu, nayo ni zaidi ya kutosha kwa gauni linalopepea. Mawili yaliyobaki hushuka mbele, kushoto na kulia, kama koti la mwinyi. Na yale mafupi huwa mikono, ili mwenye kulivaa akiteremsha mkono wake, pindo la mkono likutane na pindo la ubavu bila ya kuvunjika. Mji hubaki kifuani na mgongoni. Na jina? Jina huwa ndilo la kwanza kupangiwa mahali, ijapokuwa ndilo la mwisho kushonwa: ama hukaa mgongoni chini kidogo ya mabega, mahali ambapo anayefuata nyuma atalisoma kama tulivyozoea kulisoma katika khanga iliyofungwa, ama hukatwa utepe mmoja mzima ukashonwa kwa ndani, nyuma ya shingo, pale ambapo mafundi wengine hutia alama ya duka lao, ili mvaaji peke yake ajue amevaa neno gani. Hili la pili sikupata kuliona popote kabla ya siku ile, na ninakiri kwamba lilinigusa moyo.

Mteja mnene humtia katika taabu ya haki. Doti moja haimtoshi, na ya pili sharti iwe ya ua lile lile, rangi ile ile na jina lile lile. Ilhali khanga haimngoji mtu, na ua lililojaa madukani mwezi wa Shaabani laweza kuwa limekwisha kabla ya Idi, wala tajiri haagizi tena lililopita. Kwa hiyo binti huyu, akiiona khanga iliyompendeza, hununua doti mbili na akiba ya mwezi ikaisha hapo. Ndiyo sababu vazi la namna hii haliwezi kushonwa kwa mamia kama viwanda vishonavyo. Likipatikana mara tatu au nne basi limekwisha, na anayelitaka baadaye hana budi kuchagua ua jingine na neno jingine.

Nimetazama mavazi mengi ya khanga katika miaka hii michache, na rai yangu ni kwamba mkato ulio mwepesi ndio unaosalimisha nguo. Kaftani, koti lisilo kola, dira lililonyooka, sketi ya kuzunguka: hizi huipokea khanga kama mwenyeji ampokeavyo mgeni mwenye mizigo. Lakini kola zilizokunjwa, mifuko ya kubandika na dati zilizopangana kifuani huikatakata hata ikawa vipande vya rangi tu, na hapo heri fundi angenunua kitenge, ambacho kimezoea mambo hayo. Sisemi kwa kukidharau kitenge. Asili ya mtindo wake ni batiki ya Java, Waholanzi wakauiga kwa mashine, kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond ikiwapo tangu mwaka 1846, nacho kikakubaliwa na Waafrika hata kikawa chao kwa khiari na mapenzi. Na mbishi anayeuliza kama kitenge ni cha Afrika kweli ningemwomba aende Kariakoo siku moja kabla ya sikukuu, asimame tu, atazame.

Katika vyombo na mapambo ya nyumba maswali ni mengine. Mto wa kochi ni mraba, na khanga haina mraba ndani yake. Aliye mvivu hukata mahali popote akashona. Binti wetu hukata pindo kwa mshazari katika pembe nne, akayaunganisha kuzunguka kipande cha mji, hata mto ukawa khanga ndogo iliyotimia, na jina likakaa chini ya mji kama kwao. Mito yenye "Mgeni njoo, mwenyeji apone" huwekwa barazani. Lakini iko rafu ya juu ambayo haigusi kwa kazi hiyo: ni khanga zenye jina la Mola, kama ile isemayo "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu", kwa sababu haiwezekani, aliniambia, jina hilo likaliwe au lifutiwe vumbi la miguu. Hizo hushonwa pazia la juu, au kitambaa cha kutundika ukutani upande wa kichwani mwa kitanda. Wala suruali haikatwi katika khanga za rafu hiyo. Sikumbuki kuona kanuni hii imeandikwa katika kitabu chochote cha ushonaji, nayo ni kanuni ya kwanza ya nyumba za Waislamu wa mwambao na ya Wakristo wengi pia.

Kadhalika yako majina ya vijembe, yaliyotungwa ili mke mwenza au jirani ayasome aumie, na mgeni asiyejua lugha aweza kuutwaa mkoba wenye tusi la namna hiyo akautembeza mji mzima akichekwa. Binti huyu hamuuzii mgeni neno kabla ya kumweleza maana yake. Nimeona kwengineko, katika maduka makubwa yenye taa nzuri, mikoba ya khanga ambayo maneno yake yamegeuka juu chini, na kwa ishara hiyo moja mtu hujua papo hapo kwamba aliyekata hakuwa akisoma.

Kikoi nacho kingestahili makala yake. Hicho hakichapwi, hufumwa. Uzuri wake uko katika mistari ya pembeni na katika matamvua yanayosokotwa kwa mkono, na siku hizi hufanywa mataulo, vitambaa vya meza na mashuka. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii kampuni moja ya Uingereza iliomba jina hilo la kikoi lisajiliwe liwe alama yake ya biashara huko. Wakenya na wenzi wao wakapinga, na ombi likaanguka. Lau lisingeanguka, mfumaji wa pwani angezuiwa kuiita nguo ya babu yake kwa jina lake katika soko la Waingereza.

Juu ya riziki ya wabunifu hawa sina maneno ya kupamba. Gauni la mtumba lililokwisha valiwa Ulaya hupatikana gulioni kwa bei ambayo hainunui hata doti yenyewe, sembuse siku mbili za kazi ya mkono, na mama mwenye watoto wanne hafanyi kosa akilichagua. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimu mwaka 2016 kuuondoa mtumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zake mwaka 2018. Wakati huo huo pamba ya Usukuma, ya Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa hutoka nchini ikiwa imechambuliwa tu, ikarudi kwetu ikiwa jora lililochapwa na watu wengine. Binti wa Mji Mkongwe hununua khanga ambayo huenda pamba yake imetoka Maswa, ikavuka bahari, ikarejea, naye analipia safari yote hiyo. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole. Wateja wake wengi ni wageni, kwa kuwa wenyeji humwambia kuwa ni ghali. Yeye huwatolea mkoba mdogo wa vipande vilivyobaki kwa bei ya kahawa na kashata, akisema kuwa atakayeanza na mkoba huenda siku moja akarudi kwa koti.

Nilipomuaga siku ile sikumtajia sanduku la mama yangu. Nilirudi baada ya mwezi, nikiwa nimelifungua, na upande ule uliobaki umo kwapani mwangu katika gazeti. Aliniamkia, akaupokea kwa mikono miwili, akautandaza juu ya blanketi, akalisoma jina lake, akaupitisha mkono juu ya mji uliokwisha kupauka. Na safari hii mkasi hakuushika kabisa. Aliomba tu wari tatu za marekani nyeupe. Ameitia khanga ile bitana hiyo nyuma kwa kushona pembeni kwa mkono, bila ya kukata hata uzi mmoja, nayo sasa ni shuka ya kitanda cha mjukuu wangu. Katika pembe moja ya pindo, pale ambapo mama alizoea kufunga senti zake kwa fundo anapokwenda sokoni, nguo imekunjamana na haikubali pasi. Aliniuliza kama ninapenda iwe imenyooshwa; nikamwambia aiache.